Viti vya Samaki

Jumatatu, saa mbili asubuhi, mke alizibua bomba la kutolea maji, na bwawa la nyuma ya nyumba likaanza kushuka. Samaki wakahamia ndani, kama kila kiangazi. Perege walijifuta kwenye kitambaa cha mlangoni, wakaingia kwa foleni. Kambale, kwa kuwa ndiye mkubwa wao na ana sharubu, alipewa kiti cha dirishani.

Viti vilikuwa sita, wakavikalia vyote. Mama mkwe aliwatandikia taulo zilizoloa. Mume alimwamkia kambale shikamoo, akamwuliza habari za huko majini. Wiki zote mbili walizokaa, nyumba ilikula maharage, kwa heshima.

Nje, mke alikuwa anazoa tope kwa karai. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, na mkunga alikuwa amemwagiza akae kila apatapo nafasi. Nafasi yenyewe ndiyo haikuwepo.

"Mume wangu, njoo basi unishikie hata chepe!" aliita.

"Na wageni niwaache na nani?" mume akajibu dirishani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wageni tu.

Mke alilimaliza tope. Akaziba mashimo ya kaa kwenye kingo, akanyunyiza chokaa, akaacha jua lilipige bwawa mpaka chini kukapasuka, kisha akafungulia maji. Samaki wakaaga, wakarudi kwao. Alipoingia sebuleni, miguu ikimwaka moto, mama mkwe alikuwa anavitoa viti nje vikauke.

"Usikalie, mwanangu. Vimeloa."

Machozi yalimlengalenga. Akatoka, akashuka bwawani, akaketi, maji yakamfika kifuani. Kambale akasogea kumpisha. Akabaki humo moja kwa moja, na mtoto akazaliwa humo humo, salama.

Kiangazi kilichofuata hakuna aliyezibua bomba. Tope lilijaa mpaka maji yakakosa pa kukaa. Samaki wakahamia ndani. Mke aliingia nyuma ya perege wa mwisho, mtoto mgongoni, akajifuta miguu, akapewa kiti cha pili kutoka dirishani. Mume akamletea chai kwa mikono miwili, akampa hongera ya mtoto. Alimwacha mgeni anywe nusu kikombe, ndipo akamwinamia.

"Samahani, dada, humjui mtu wa kuzoa tope? Alikuwepo mmoja hapa, mchapakazi kweli. Sijui kaenda wapi."