Maji Yaliyorudi Orvelle

"Baraza la Kijiji cha Orvelle linawaarifu wakazi wote kwamba, kuanzia Jumapili baada ya misa, maji ya banda la kufulia yataanza tena kutoa sauti. Wenye mbwa waoga wanaombwa kuchukua tahadhari."

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni pa ofisi ya meya mwezi wa Aprili. Kwa kuwa watu wa Orvelle husoma hata yale wanayoyajua tayari, lilisomwa na kila mtu, na wengine walirudi kulisoma baada ya chakula cha mchana.

Orvelle imelala juu ya bahari. Hayo si maneno ya kishairi. Mawe ya nyumba zetu yamejaa makombe ya baharini. Ukiegemea ukuta wa kanisa asubuhi ya ukungu, kiganja chako hugusa chaza aliyekufa kabla hajazaliwa mtu wa kumla. Bahari yenyewe iliondoka bila kuaga, ikatuachia mwamba wenye matundu, na tangu hapo maji yetu hayana msimamo: huzama kwenye malisho ya mtu huyu, yakaibuka chini ya ghala la mwingine, yakiwa baridi na yamesahau yalikotoka. Inasemekana Waroma walipita hapa, ingawa barabara yao haijaonekana. Watawa walipanda mizabibu, nayo ikafa. Vilivyobaki ni ng'ombe, jibini, msitu wa mialoni, na ugomvi wetu na Chantreuil, kijiji jirani.

Ugomvi huo ulihusu kuni. Babu zetu, walipochoka kupasuana vichwa, walikubaliana na wenzao kwamba mpaka usiwe jiwe wala mti, maana jiwe huhamishwa na mti hukatwa. Mpaka uwe maji yenyewe, popote yapitapo. Kila nyumba yenye meko upande wetu wa kijito hupata fungu moja la kuni kila Novemba. Iliyo upande wa pili haipati hata kijiti. Hawakufikiria kwamba maji nayo huhamishwa, tena mchana kweupe, kwa utepe na hotuba.

Aliyeomba yarudi ni Bi Philomène Vauthier, mjane anayeishi nyumba ya mwisho bondeni. Ujanani alifua katika banda lile pamoja na wanawake ambao sasa wamelala wote nyuma ya kanisa. Mabomba yalipoingia majumbani, kijito kilipewa mfereji mwingine, nyuma ya nyumba yake, ambako kilipita kimya juu ya matope. Alizunguka mlango kwa mlango.

"Nataka kuyasikia tu," alisema. "Usingizi wangu umekauka."

Baraza likakubali. Lango la zamani likafunguliwa, maji yakarudi chini ya paa la banda na kuanza kuzungumza na mawe. Bi Philomène alilala madirisha wazi kiangazi hicho. Alidai kwamba alfajiri, kabla ukungu haujainuka, alisikia mapigo ya nguo zikifuliwa, na kwamba mpigaji mmoja alikuwa akipoteza mdundo kama mama yake. Naliripoti hilo kama lilivyosemwa. Nilipita pale alfajiri kadhaa. Nilisikia maji, na mara moja nilisikia kitu ambacho sikurudi kukihakikisha.

Hakuna aliyetambua, hata Meya Firmin Couturet aliyekata utepe, kwamba mfereji wa zamani hupita mbele ya nyumba ya Bi Philomène. Aliyetambua ni Gaston Perrenot, mfugaji, naye alinyamaza hadi siku ya kugawa kuni.

Siku hiyo wenye meko hukusanyika ukumbini na kuokota namba kutoka kofia ya zimamoto. Bi Philomène alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Samahani, Bwana Meya," Gaston akasema. "Huyu mama ni wa Chantreuil."

"Umelewa asubuhi yote hii?" Meya akamuuliza.

"Maji yanapita mbele ya mlango wake. Mpaka ni maji. Mimi sikuitunga sheria."

Kila mmoja alikuwa akikifuata kijito kichwani mwake, na kila mmoja alifika mahali pale pale.

"Gaston," Bi Philomène akasema, "nimekufuta makamasi wewe, suruali imekulowa. Leo ndiyo unanionyesha kwetu?"

"Bibi, usinichukie mimi. Wachukie babu zako."

"Babu zangu wangekutia mtoni."

"Mto upi? Wa mbele au wa nyuma?"

Watu walicheka, kisha wakaona aibu. Meya alimpigia simu mwenzake wa Chantreuil, akarudi akisugua shingo. Kule, fungu hupewa tu meko yaliyowaka majira mawili ya baridi upande wao.

"Kwa hiyo nikishaganda mara mbili watanipokea," alisema Bi Philomène.

"Kuna njia nyepesi, mama," Meya akasema. "Tunafunga lango. Maji yanarudi nyuma ya nyumba yako, unaokota namba yako, tunaenda kula."

Hapo tulisikia sote, kupitia dirisha lililofunikwa na ukungu, maji yakishuka bandani. Bi Philomène alikaa akiyasikiliza kama anayengoja mtu amalize sentensi. Hana jiko lingine ila la kuni, na baridi ya bondeni haina huruma.

"Usiyaguse, Firmin," alisema mwishowe.

"Basi unaacha kuni?"

"Nani kasema? Nazitaka pia. Fungu langu, kutoka msitu wetu, kwa mkono wangu. Hebu niambie: Agosti kijito chote kinazama ardhini hadi mvua za Septemba, mnavuka na viatu vya kanisani. Agosti mimi ni wa wapi?"

Meya alimtazama Gaston. Gaston alitazama kofia. Swali hilo halikuwahi kuulizwa Orvelle.

Wajumbe waliingia chumba cha nyuma kujadiliana, wakabaki humo hadi supu ya mke wa meya ikapoa. Nje ukungu ulipanda kutoka bondeni ukafuta barabara, kisha banda, kisha paa la nyumba ya mwisho, ambayo asubuhi hiyo haikuwa na moshi wa kuionyesha. Kuni zote ziligawiwa. Bi Philomène alibaki kitini, koti lake limefungwa vifungo, hadi mlango ulipofunguliwa na Meya akasoma akiwa amesimama:

"Baraza la Kijiji cha Orvelle, baada ya kuzingatia hoja ya Bi Vauthier na kuiona ina uzito, limeamua kwa kauli moja kwamba kila mwaka, tangu kijito kinapozama mwezi wa Agosti hadi maji yatakaporudi, nyumba yake itahesabiwa kuwa ndani ya mipaka ya kijiji, pamoja na haki zote zinazogawiwa katika kipindi hicho."