Kosa la Kuikimbiza Mashine

Meja alipewa kituo cha utafiti wa mbung'o pale Tororo kama mtu anavyopewa kiwanja, na kitu cha kwanza alichokichukia humo kilikuwa kompyuta. Wazungu walioileta walishajiendea zao. Walibaki Fauziya, aliyeandika programu, na Osborn, fundi wa Busia ya Kenya, aliyevuka mpaka kila Jumatatu na kurudi kwake kila Ijumaa. Mwaka huo wa 1976, kuwa Mkenya Tororo kulikuwa kosa tosha. Meja alikuwa akimtafutia la pili tu.

Akalipata. Ramani ya mbung'o, kuanzia Merikit mpaka Buhehe, ilitakiwa Kampala, na mashine ilikuwa inajikokota. Ilikuwa na prosesa mbili za kupiga hesabu, na Meja alishaambiwa kwamba mbili hushinda moja. Basi inatambaa kwa nini? Akasema Osborn anahujumu. Isipokimbia kufikia Ijumaa, fundi angepelekwa kambini, na kila mtu mjini alijua kwamba waliopelekwa kule hawarudi.

Fauziya alimchukia Meja mpaka chakula kikawa hakipiti. Osborn alikuwa akimwita dada, na maduka yalipokauka ndiye aliyemletea sabuni na chumvi kutoka ng'ambo.

Tena ubovu wenyewe haukuwa wake. Data zote za ramani zilirundikwa kwenye diski moja. Prosesa zilimaliza hesabu kufumba na kufumbua, kisha zikakaa bure kungoja diski hiyo izunguke, isome, ilete. Zikiomba zote mbili, moja lazima ingoje mwenzake. Diski tatu nyingine zilikuwa karibu tupu. Fauziya alikuwa mtoto wa mwenye malori, na hakuweza kuvumilia mpagazi mmoja ashushe lori zima huku watatu wamekaa kivulini. Akaikata ramani vipande, akavigawa kwa zamu kwenye diski zote nne ili zisome kwa pamoja. Akaamuru pia vipande vya mbele viletwe mapema, prosesa zikiwa bado zinahesabu vya nyuma. Osborn akapanga upya nyaya zilezile ili diski zisizuiane njiani.

Alhamisi asubuhi wakaiwasha. Kazi ya kutwa nzima ikaisha kabla ya chai ya saa nne. Osborn alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kwa furaha, Fauziya hakungoja hata Ijumaa. Alikwenda mwenyewe kumwita Meja.

Meja alikuja na askari wawili. Aliitazama ramani ikichapwa, akauliza wamenunua kifaa gani kipya. Fauziya akajibu, tena kwa majivuno, kwamba hawakununua hata waya.

"Vitu ni vilevile?"

"Vilevile, afande. Diski zote zilikuwepo tangu zamani."

Meja akaikunja ramani polepole. "Basi hii mashine najua kukimbia tangu zamani," alisema kwa Kiswahili chake cha jeshini. "Nani alikuwa nafunga yeye miguu?"

Fauziya akaanza kueleza habari za lori, za zamu, za kungojana, na kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kumkaanga mwenzake. Mwisho akasema mpango ule mbovu wa mwanzo ulikuwa wake, yeye Fauziya, si wa fundi.

"Hapana, mama," Meja alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Wewe ndiyo nafungua. Yeye ndiyo alikuwa nafunga. Umenisaidia sana."

Askari walimshika Osborn huku na huku. Naye alimgeukia Fauziya, akamwomba amwambie mkewe, Metrine, asimsubiri.

Ijumaa Fauziya alivuka mpaka kwa miguu na kuulizia nyumba. Alikuwa amejiandalia maneno njia nzima. Metrine alikuwa ameshampashia mumewe maji ya kuoga. Alipomwona mgeni amesimama peke yake mlangoni, alimkaribisha kwa tabasamu, akamuuliza gari alilopanda Osborn limeharibikia wapi.