Kuinua Tu

Simu ilipoingia saa nne asubuhi, mpokea simu wa kituo cha zimamoto alijua ni nani kabla hajaambiwa.

"Fundi wenu huyo," aliwaambia watu wa ambulensi kwenye redio. "Mkewe kaanguka kutoka kitandani. Hajaumia. Ni kuinua tu."

Kuinua tu ni kazi ambayo watu hawaijui mpaka waajiriwe zimamoto. Wengi hudhani kule ni kupambana na moto kutwa kucha. Kumbe nusu ya zamu ni wazee: mtu kateleza, hajavunjika mahali, lakini hawezi kusimama, na aliye naye nyumbani hana nguvu za kumnyanyua. Basi ambulensi ya kituo huenda, wawili wanamwinua, wanampima presha, wanajaza fomu, wanaaga. Hakuna anayekupigia makofi kwa kazi hiyo, na Mkasi aliipenda kuliko zote.

Mkasi alikuwa mhudumu wa wagonjwa kwenye gari hilo. Jina alilipata kwa wepesi wake wa kukata nguo za majeruhi, na siku moja katika harakati hizo alikata hata koti jipya la dereva wake, ambaye hajasamehe mpaka leo. Dereva mwenyewe ni Bonge, mtu wa kujaza mlango.

"Hii ya nne mwezi huu," Bonge alisema, akikata kona.

"Najua, bwana. Endesha."

Alijua, na ndiyo iliyomnyima raha. Ukiinuliwa mara nne ndani ya mwezi, utaratibu unataka fomu iende ustawi wa jamii. Wao wakiona mume ameelemewa, mke anapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Na mume mwenyewe ni fundi cherehani aliyestaafu, ambaye tangu miguu ya mkewe ipooze, amekuwa akimshonea magauni ya kufungukia mgongoni ili asipate tabu kuvaa. Eti watu hao watenganishwe kwa karatasi! Mkasi aliichukia fomu ile kama mtu anavyomchukia mtu.

Mlango waliukuta wazi. Fundi alikuwa ameegemea kabati.

"Shikamoo, baba," Mkasi alisema, akimpita na begi lake.

"Marahaba, wanangu. Jamani, nawasumbua."

"Usumbufu gani, baba? Ndiyo kazi yetu."

Mama alikuwa sakafuni kando ya kitanda, mto chini ya nyonga. Mkasi alipiga magoti, akamkagua kichwa, shingo, kiuno, kisha akamfunga kitambaa cha presha mkononi.

"Mama, sema ukweli," Bonge alimtania. "Umeniita kwa sababu umenikumbuka."

Siku nyingine angemjibu kwamba mwanamume mnene hivyo hasahauliki. Leo hakucheka. Alimshika Mkasi ukosi wa shati, akamvuta karibu.

"Sikuanguka," alinong'ona. "Nimejishusha mwenyewe."

"Mama! Kwa nini?"

"Mtazame mzee. Tangu alfajiri anashika kifua. Namwambia piga simu, ananiambia ni gesi. Anaogopa akilazwa yeye, mimi nitachukuliwa. Kwa ajili yake mwenyewe hapigi hata akifa. Kwa ajili yangu, nilijua atapiga."

Mkasi aligeuka, na aibu ikamshika. Hiyo ndiyo kasoro ya watu wa ambulensi: aliye sakafuni ndiye mgonjwa, aliyefungua mlango ndiye jamaa wa mgonjwa. Alikuwa amempita mzee yule na shikamoo ya mbio. Sasa alimwona vizuri: shati limelowa jasho, midomo imepauka, mkono wa kushoto umening'inia.

"Bonge, kiti! Mkalishe."

Walimkalisha, wakampa aspirini atafune, wakambandika nyaya za mashine kifuani. Mashine ilitoa karatasi, na Mkasi hakuhitaji kuitazama mara mbili. Aliwaambia hospitali kwa redio wajiandae, mshipa wa moyo umeziba.

"Siendi," Fundi alisema. Pumzi ilikuwa inamkatika. "Nikienda, nani atabaki naye? Nazijua fomu zenu. Nikirudi nitakuta kitanda kitupu."

"Usipokwenda, baba, hutarudi kukuta chochote," Mkasi alimwambia. "Sikudanganyi."

Fundi alitikisa kichwa. Alimtazama mkewe pale sakafuni, machozi yakamtoka bila kuyaficha. Mkasi naye alitaka kulia, ila muda wa kulia haukuwepo.

"Gari letu linaruhusu msindikizaji mmoja," alisema. "Anayemtunza mgonjwa nyumbani. Bonge, mbebe mama."

"Msindikizaji?" Fundi alishangaa. "Hata kusimama hawezi."

"Baba, leo nani kakutunza?"

Fundi alikubali kulazwa kwenye machela. Bonge alirudi akambeba mama mikononi, taratibu mno, akamfunga mkanda kwenye kiti kilicho ubavuni mwa mumewe.

Ambulensi iliondoka na king'ora. Ilichukua muda kabla Fundi hajaelewa vizuri alivyofanyiwa.

"Umejiangusha makusudi?" aliuliza chini ya oksijeni. "Ungevunjika nyonga, mwanamke!"

"Nilitanguliza mto."

"Muongo wewe."

"Na wewe mwenye gesi je?"

Fundi alicheka, kifua kikamuuma, mkewe akamkaripia anyamaze. Fundi aliushika mkono wa mkewe na kuushikilia. Mkasi alipima presha tena. Haikuwa nzuri, lakini haikushuka, na zilibaki dakika nne kufika hospitali.

Ndipo alipotoa kalamu. Kwenye aina ya wito hakuandika kuinua, kwa sababu hakuna aliyeanguka. Aliandika: maumivu ya kifua, mwanamume. Chini kulikuwa na swali ambalo kwa wazee wengi hujibiwa kwa mstari mtupu: je, mgonjwa ana mtu wa kumtunza nyumbani?

"Ndiyo," Mkasi aliandika, kwa herufi kubwa ili ustawi wa jamii wasome bila miwani. "Mke wake."