Kikapu cha Mama Mkwe

Kiwandani, kwenye meza ya kuchambulia chupa za plastiki, mama mkwe alikuwa simba. Yeye ndiye aliyemfundisha mkamwana wake kazi: kunja chupa, iachie, tazama. Pakibaki mstari mweupe ilipokunjika, itupe pembeni. Hiyo si plastiki ya kundi hili. Ikiingia tanuruni inaungua kabla ya wenzake, na mzigo mzima unatoka manjano. Na plastiki hiyo ndiyo husokotwa uzi wa mablanketi; nani atake blanketi la rangi ya mkojo?

Sasa macho yalikuwa yamemtupa mkono. Mwenyewe hakusema, na mkamwana angeanzia wapi kumwambia? Basi kila mama alipokwenda kunywa maji, mkamwana alipenyeza mkono kwenye kikapu chake, akachomoa chupa mbovu. Akajiona mjanja kweli.

Siku moja mtoto akashikwa na homa, mkamwana akashinda hospitali. Kesho yake msimamizi aliingia na chembe za plastiki kiganjani, manjano, zina madoa meusi.

"Mzigo wote wa jana takataka! Aliyefanya hivi anaondoka leo leo."

Mkamwana akaingiwa na hofu. Mama akae nyumbani afukuze nzi? Si atazeeka kwa wiki moja!

"Ni mimi, bosi," akaropoka.

"Wewe? Jana si hukuwepo!"

Meza nzima ikacheka. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Mwache," mama akasema, akivua glavu. "Ni mimi. Mstari siuoni, siku nyingi sasa." Akamgeukia mkamwana. "Na wewe, unadhani sikujua? Naacha kikapu kimejaa, narudi kimepungua. Nikanyamaza, nikasema mwanangu ananisitiri. Haya, tazama tulivyoharibu sisi wawili."

Mkamwana akalia mbele ya watu, wala hakujificha.

Msimamizi akakuna kichwa. Kule nyuma chupa zilikuwa zimerundikana zikisubiri kufunguliwa vifuniko, ambavyo huyeyushwa vikatengenezewa ndoo.

"Vifuniko utaweza, mama? Kwa macho hayo?"

"Kwani wewe soda unafungua kwa macho?"

Hata yeye akacheka. Mama akahamia nyuma, na hadi mchana kikapu chake cha vifuniko kilikuwa kinafurika. Akainuka kwenda kunywa maji. Mkamwana, aliyekuwa akipita na gunia, akasimama, na mkono wake ukajiendea wenyewe kikapuni.

"Toa mkono, mwanangu," mama akasema, wala hakugeuka.