Nyumba ya Rimu za Njano

Siku aliyonunua nyumba yenye magurudumu, Marcella alikuwa na akili zake timamu. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu mtaa mzima wa Dallas, pale Embu, ulisema vingine. Ati mwalimu wa chekechea, mwanamke asiye na mume wala mtoto, anastaafu, anapata kiinua mgongo chake, halafu badala ya kutafuta ploti ya kujenga kama watu wenye macho, ananunua trela ya kulala kutoka kwa wazungu wawili wazee waliokuwa wanarudi kwao! Ndani palikuwa na kitanda, sinki, jiko la gesi na kabati la vikombe. Chini palikuwa na magurudumu mawili, na mbele chuma cha kuifungia kwenye gari.

"Mwalimu, sasa hii ni nyumba ama ni gari?" majirani walimuuliza.

"Ni kazi," alijibu, akaendelea kupaka rimu rangi ya njano.

Na ilikuwa kazi kweli, wenye kucheka wacheke. Familia za Nairobi ziliipenda. Maharusi waliipenda zaidi. Nyamu, jirani yake mwenye pikapu, aliivuta hadi Mbuga ya Meru, akaiacha huko na wageni, akaifuata baadaye. Marcella alikuwa akipanda naye mara moja moja, akikaa mbele na miwani yake ya jua, na moyoni akijiambia kwamba hatimaye yeye naye ni mtu wa kwenda mahali.

Basi mafuta yakaanza kupanda.

Kila tarehe kumi na nne bei mpya ilitangazwa, na watu waliisikiliza kama matokeo ya uchaguzi. Nyamu alikuwa akishaisikia anatoka nje, anaitazama pikapu yake jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe aliyekataa nyasi. Wateja nao wakapiga hesabu. Mmoja alimwambia Marcella waziwazi: "Mwalimu, dizeli ya kuvuta hiyo nyumba kwenda na kurudi inatosha sisi kulala hoteli na kula kuku." Marcella alimwambia asante.

Safari ya mwisho, Nyamu alipokuwa anairudisha kutoka mbugani, vilima vya Nyambene vilimaliza dizeli yote. Akampigia simu Marcella akiwa Maua. "Mwalimu, nikiivuta hii hadi Embu, watoto wangu watakula upepo." Wakakubaliana aipeleke Laare, ambako si mbali na pale, aiache nyumbani kwa kina Marcella. Huko alikuwa mama yake, Karambu, mzee sana lakini mkali bado, na kaka yake Kithinji, mkulima wa miraa. Nyamu akaiegesha mwisho wa shamba, karibu na ua wa Kathuri, ambaye ni baba yao mdogo.

"Ni wiki mbili tu, Mama," Marcella alisema kwenye simu.

"Hakuna shida," Karambu akasema. "Nyumba haili."

Wiki mbili zikazaa miezi. Bei haikushuka hata kwa bahati mbaya. Mwenye nyumba pale Dallas naye akaongeza kodi, akisema kila kitu kimepanda, na Marcella akaona ukweli ulivyo: asipouza ile trela kabla ya mwaka kuisha, atatolewa nje na vitu vyake, na hana kwingine pa kwenda. Hakuwa na akiba. Akiba ilikuwa ni ile trela.

Akatafuta wanunuzi, na hapo ndipo mambo yalipoanza kumchanganya.

Wa kwanza alipanda hadi Laare kuiona, akarudi kimya. Alipoulizwa alicheka tu, akasema, "Mwalimu, kwanza ongea na watu wako." Wa pili alienda, na tangu siku hiyo hakushika simu. Marcella akampigia Kithinji. "Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu, dada. Tuko salama."

"Wanunuzi wanakimbia nini?"

"Watu wa siku hizi hawaeleweki," Kithinji akasema, kisha mtandao ukakatika, ama akaukata yeye.

Marcella hakulala vizuri. Alimjua kaka yake. Si mtu mbaya, lakini shamba ni shamba, na dada asiyeolewa ni dada asiyeolewa. Je, ameiharibu? Ameiuza? Ameingiza kuku?

Akapata mnunuzi wa tatu, Ishmael, kijana mnene mwenye haraka, aliyekuwa anauza chai na chapati karibu na chuo kikuu pale Embu. Huyu hakutaka kusafiri na trela popote. Alitaka kuisimamisha mahali pamoja, atoboe dirisha, auze chai.

"Mafuta yapande yafike mbinguni," alisema, "mimi sitakuwa naenda mahali."

Ishmael akaijaza dizeli pikapu ya Nyamu kwa pesa yake, akilalamika kila lita, na wote watatu wakaondoka asubuhi, kupitia Chuka na Meru, hadi Laare.

Pale sokoni Laare, mama mmoja muuza ndizi alimwona Marcella akaacha wateja wake. Akamshika mikono yote miwili. "Mwalimu! Mungu akubariki kwa yale magurudumu!"

"Magurudumu gani?"

"Ai, huyu naye! Anajifanya hajui!" Mama akacheka, akarudi kwenye ndizi.

Vijana wa bodaboda nao wakampungia mkono. Mmoja akaita, "Mama Rimu!" Marcella akageuka kumtazama Nyamu, Nyamu akainua mabega. Ndipo mkokoteni wa punda ukapita mbele ya pikapu, umejaa miraa iliyofunikwa majani ya mgomba ili isikauke, na juu ya miraa mitungi ya maji. Punda alitembea bila wasiwasi. Rimu za mkokoteni zilikuwa za njano.

"Simamisha gari!" Marcella akapiga kelele. "Hizo ni zangu! Nilizipaka mimi mwenyewe!"

"Mwalimu," Ishmael akasema polepole, "mimi ninanunua trela. Usiniambie ninanunua sanduku."

Marcella akamwashiria Nyamu aendelee. Njia nzima kuelekea nyumbani alikuwa anapanga maneno ya kumwambia Kithinji, na yalikuwa maneno ambayo mwalimu wa chekechea hatakiwi kuyajua.

Lakini walipofika, maneno yote yalimtoroka. Trela ilikuwa imekaa juu ya mawe, imenyooka vizuri, na nafasi ya chini imezibwa kwa udongo. Ubavuni palikuwa na kajiko ka mabati, na ndani yake mafiga matatu na majivu ya moto. Mbele pamefagiliwa. Kuizunguka yote, pamoja na miti sita ya miraa mikongwe, miti ambayo baba yao aliikuta kwa babu yake, palikuwa pamepandwa ua mpya wa miche.

Kithinji akatoka mbio, akamkumbatia. "Dada! Karibu kwako!"

"Kwangu wapi? Magurudumu yangu yako wapi?"

"Yako kazini," Kithinji akasema, kama anayemsifu mtoto. "Bodaboda ya kupeleka miraa sokoni imekuwa ghali kama mahari. Sasa majirani wote tunatumia punda."

"Nani anakaa ndani ya trela yangu?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Hakuna mtu, dada. Imefungwa. Ufunguo anao Mama."

"Na huu moto ni wa nani?"

Kithinji akatazama chini. "Wa Mama. Anauwasha jioni. Ukishatoa moshi kidogo, anauzima."

Sasa jamani, mtu aelewe nini hapo? Nyumba isiyo na mtu inapikiwa moshi! Marcella alitaka kucheka na alitaka kumpiga mtu, na hakujua lipi lianze. Akaingia ndani baada ya Kithinji kuleta ufunguo na kumfungulia. Kitanda kimetandikwa shuka safi. Vikombe viko kabatini vyote. Hakuna kilichoibiwa isipokuwa uwezo wa kwenda.

Alipotoka, Karambu alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya mafiga, anavunja kuni. Hakuinuka. "Umekonda," alisema. "Huko Embu hawapiki?"

"Mama, mimi ninauza hii trela leo. Mnunuzi ni yule pale."

"Nimemwona. Ana tumbo zuri."

"Magurudumu yalitolewa kwa ruhusa ya nani?"

"Yangu." Mama akaweka kuni chini. "Kaa, nikuambie. Na wewe Kithinji, wape wageni viti, usisimame hapo kama mlingoti."

Marcella akakaa chini, kwenye udongo, na nguo yake ya safari.

"Unajua hati ya shamba hili bado ni ya babu yako," Karambu akasema. "Mwaka huu wazee wa ukoo walikuja kuligawa. Kipande hiki, chenye miti ya baba yako, Kathuri alikitaka. Alisema kimepakana na kwake. Kithinji akasema kikatwe kwenye fungu lake, kiwe chako. Wazee wakacheka. Mtoto wa kike ambaye hata hakai hapa! Ndipo mmoja akaonyesha hii nyumba yako, akauliza, ni ya nani? Nikasema ni ya Marcella, anajenga kwao. Kathuri akasema, mnadanganywa, kitu chenye magurudumu si nyumba, kesho kitavutwa kiende. Wazee wakasema haya, tutaona. Panapotoka moshi pana mwenyewe. Wakaenda."

"Na jioni ileile," Kithinji akadakia, "Mama akaniambia nitoe magurudumu."

"Jioni ileile. Na nikawasha moto. Nimeuwasha kila jioni, mvua ikinyesha, mgongo ukiuma. Wazee walipita, wakaona moshi, wakapanda huo ua wa mpaka. Kesho kutwa wanarudi na mpimaji wa serikali. Akishaandika, ameandika."

Marcella akauliza: "Kwa nini hamkuniambia?"

"Neno la shamba halisemwi kwenye simu. Na ungesema nini? Ungesema, Mama, mimi nina maisha yangu Embu."

Ni kweli, ndivyo angesema. Neno kwa neno.

"Wale wanunuzi wawili..."

"Mmoja nilimwambia ina mwenyewe. Wa pili nilimfukuza kwa kuni." Aliposema tena, ukali ulikuwa umemtoka. "Marcella, nikifa utakuja kwa nani? Utakuja kama mgeni, ukae kwenye kiti cha mgeni, upewe chai, uulizwe unaondoka saa ngapi? Mimi nilikuzaa hapa. Mkataa kwao ni mtumwa, lakini wewe hukukataa kwenu. Kwenu ndiko kulikokunyima mahali. Ndilo linaloniuma."

Marcella akamtazama kaka yake. Miezi hii yote alikuwa amelala kitandani akimhukumu, kamwita mwizi, kampangia maneno mabaya, kumbe huyu ndiye aliyetoa miti ya baba kwenye fungu lake mwenyewe. Kithinji alikuwa anafuta kiti cha Ishmael kwa mkono wa shati.

"Wewe, kwa nini?" akamuuliza.

"Watu watauliza dada yako anakaa wapi," Kithinji akasema. "Nimechoka kusema Dallas."

Ishmael akakohoa. Alikuwa na mfuko wake mapajani, ameushika vizuri. "Poleni kwa kuingilia. Mimi hata bila magurudumu nitaichukua. Nitaleta lori. Bei ni ileile, Mwalimu, na pesa iko hapa."

Hapo Marcella akachanganyikiwa kabisa. Pesa ile ilikuwa kodi ya Dallas, chumba chake, mapazia yake, kanisa lake, majirani waliomcheka na ambao angewakosa. Na hiki hapa kilikuwa kitu gani? Kitanda kwenye mawe, miti sita ya miraa asiyojua hata kuichuma, na mama mzee anayewasha moto wa uongo. Alinunua nyumba hii ili aende. Mungu wangu, aliinunua ili aende! Mafuta ndiyo yaliyoamua, ama Mama, ama ni nani? Alitafuta ndani yake hasira aliyokuja nayo tangu Embu, na hakuipata. Alipata machozi, akayakasirikia hayo.

"Mwalimu," Nyamu akaita kutoka kwenye pikapu, "jua linaenda. Tunaondoka na ahadi ama tunaondoka vivi hivi?"

Ng'ambo ya ua, Kathuri alikuwa ametoka nje ya nyumba yake, amesimama na fimbo, anatazama juu ya bati la kajiko. Saa ya moshi ilikuwa imefika, na moshi haukuwapo.

Karambu akaegemeza mkono kwenye goti ili ainuke, mgongo ukamkatalia. Akajaribu tena. Kithinji akapiga hatua kumsaidia, na mama akamzuia kwa jicho. Akashika kiberiti, akamnyooshea Marcella.

Marcella akakipokea. Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ikawaka, akaiingiza chini ya majani makavu, akapiga magoti kwenye majivu, akapuliza kama alivyofundishwa akiwa msichana, polepole kwanza, halafu kwa kifua chote. Moshi ukamwingia machoni. Ukapanda, ukatafuta njia kwenye bati, ukatoka.

"Na mafuta yangu je?" Ishmael akauliza. "Nani atanirudishia mafuta yangu?"

"Kaa, mwanangu," Karambu akamwambia. "Unakunywa chai kwa Marcella."

Ng'ambo ya ua, Kathuri akageuka akaingia kwake.