Rubani wa Mtinko

Kiwanja binafsi cha helikopta kilichoko Tanga kina duara moja la zege, tangi la mafuta na wafanyakazi wanne. Alute, mzaliwa wa Mtinko mkoani Singida, kazi yake ilikuwa kujaza mafuta na kumwongoza rubani kwa ishara za mikono. Huko nyumbani mama yake, Marietha, alikuwa amewatangazia watu kwamba mwanawe ni rubani. Alute alilisikia hilo kwenye simu, akaliacha lilivyo.

Mwezi wa saba mfanyabiashara mmoja aliikodi helikopta ikamlete mama yake mgonjwa kutoka Mtinko. Radhia, rubani, alimchukua Alute kwa kuwa anakujua huko.

Walitua uwanja wa shule. Marietha alipenya umati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, rubani wangu!" Akamgeukia Radhia. "Na huyu ndiye msaidizi wako?"

Alute alifungua mdomo. Radhia akamtangulia: "Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Msikilize kaka yako, usigusegus​e vitu."

Watu walicheka, na Radhia naye akacheka. Alute alijishughulisha na mlango.

Mgonjwa aliletwa kwa machela, pamoja na dada yake ambaye hakutarajiwa na aliyekataa kubaki. Radhia alipiga hesabu ya uzito. Singida iko juu kuliko Tanga, na hewa nyepesi yenye joto la mchana huinua mzigo mdogo. Mtu mmoja alipaswa kushuka.

"Nisamehe, Alute," alisema kwa sauti ya chini. "Utakuja kwa basi."

Alute aliwasogeza watu nyuma, akasimama mbele ya helikopta, akainua mikono. Radhia akaondoka.

Vumbi lilipotulia, wote walikuwa wakimtazama yeye.

"Kumbe linajiendesha lenyewe?" aliuliza jirani yao, mzee Lazaro. Vicheko vikalipuka.

"Amemwachia binti ajifunze," Marietha alijibu haraka mno, bila kumtazama mwanawe.

"Mama, rubani ni yule. Mimi najaza mafuta."

Kicheko kilikatika. Marietha alijitanda khanga upya, akamwambia kwa Kinyaturu, polepole, "Nilikwishaona. Ungeniachia uongo wangu. Wewe kesho unapanda basi. Mimi ndiye ninayeishi nao hapa."

Akatangulia. Alute alimfuata katikati ya umati, na kwa kuwa ni nyumbani, ilimbidi asimame mbele ya kila mzee, amwamkie, na asubiri mpaka aitikiwe.