Barabara Itafungwa 10:00

Mtaa mzima hakukuwa na mwanamke aliyejua kupanga safari kumshinda Mama Ratiba. Hakuwahi kuchelewa popote, na hilo alilisema mwenyewe kwa yeyote mwenye masikio, tena bila kuulizwa. Harusi yake tu ndiyo aliyoichelewa. Na ya mdogo wake. Na siku ya kumpeleka mjukuu wake kuanza shule alimfikisha wenzake wakiwa wanarudi nyumbani, lakini hilo lilikuwa kosa la viatu.

Jina lenyewe alibandikwa na wateja. Alikuwa fundi cherehani, na kila aliyekuja kuulizia nguo yake alijibiwa, "Iko kwenye ratiba." Kuna bibi harusi ambaye gauni lake lilikaa kwenye ratiba mpaka likabidi litanuliwe kiunoni, na baada ya miezi michache ikajulikana kwa nini.

Sasa safari hii haikuwa ya mchezo. Mjukuu wake, Kijiti, aliyemlea tangu hajaota meno, alikuwa ndani ya yale mashindano makubwa ya baiskeli, yale ambayo redio ilikuwa haina habari nyingine. Kijiti alikuwa mwembamba kama jina lake, miguu tu ndiyo iliyokuwa na nyama. Bibi na mjukuu wote walipata riziki kwa kukanyaga pedali, tofauti ni kwamba bibi alikanyaga mchana kutwa bila kufika popote.

Siku Kijiti alipokuja kuaga alikaa juu ya meza ya kukatia, akiisogeza mikasi pembeni.

"Bibi, nataka unisimamie mahali pamoja tu."

"Mume wangu, hata ukitaka nisimame kwa mguu mmoja nitasimama."

"Kwenye ule mlima, palipo na tangi la maji. Mwaka jana hapo ndipo miguu iliponikatalia. Nilishuka nikakaa kando ya barabara kama gunia la mkaa." Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Ukiwepo pale sitashuka. Nitaona haya. Nani atashuka kwenye baiskeli mbele ya bibi yake?"

"Nitakuchapa."

"Ndiyo maana nakutaka wewe." Kisha akasema kwa sauti ya chini, akichezea futi ya kupimia, "Kocha kasema nisipomaliza safari hii, mwakani nisijisumbue. Wanaosubiri nafasi yangu ni wengi."

Mama Ratiba akasimamisha cherehani. "Watasubiri mpaka waote mvi. Mimi nitakuwa kwenye tangi. Utaniona kabla sijakuona."

Na ili aonekane, akashona bendera. Alichukua bitana nyekundu iliyobaki kwenye gauni la mteja, inayong'aa kiasi kwamba ukiitazama juani unapiga chafya, akaipinda kingo zote nne kwa mshono mara mbili. Mti wa kuitundika hakuwa nao. Akauchomoa mpini wa ufagio wa nyumbani, ukawa huohuo.

Usafiri ulikuwa wa Shemeji, mume wa mdogo wake, dereva wa gari la kupelekea watu magodoro. Mama Ratiba alimkalisha mbele ya meza, akachora barabara kwa chaki ya kukatia nguo. Huku mji wa mbali, baiskeli zinakotoka. Hapa mlima, zinapanda kwa upande wa nyuma, zinapita tangi. Zinashuka upande wetu, zinakata njia panda, zinaingia mjini kumalizia.

"Sisi tunatokea mjini, tunapita njia panda, tunapanda mpaka kwenye tangi. Tunakunywa chai yetu, tunamsubiri."

"Tunaondoka saa ngapi?"

Hapo ndipo Mama Ratiba alipojidai. Alikuwa amelisoma tangazo lililobandikwa ukutani dukani, kwa herufi kubwa, hata bila miwani: BARABARA ITAFUNGWA 10:00.

"Inafungwa saa kumi," akasema. "Tukitoka tumeshakula cha mchana, tumewahi na chenji inabaki."

Shemeji akajikuna kidevu. "Saa kumi ipi?"

"Ziko ngapi? Ya alfajiri hata jogoo amelala. Ni saa kumi ya jioni. Kijiti mwenyewe kasema mlimani watafika alasiri, wafunge asubuhi kumfungia nani?"

"Wengine huandika kwa saa za kwenye simu, shemeji."

"Lile tangazo ni la karatasi, halikuandikwa kwenye simu."

Shemeji akainuka. Amekaa na ukoo huo muda mrefu, anajua ni wapi pa kunyamaza.

Siku yenyewe wakala, wakashiba, wakaondoka kwa madaha. Nyuma ya gari kulikuwa na godoro moja ambalo mteja alilikataa, na mbele alikaa Mama Ratiba na bendera yake imetoka dirishani kama msafara wa waziri. Watoto wakamkimbilia. Akawapungia.

Njia panda wakakuta kamba.

Ilikuwa imevutwa toka nguzo hii mpaka ile, na mbele yake amesimama askari wa barabarani, kijana, miwani ya jua, glovu nyeupe.

"Imefungwa, mama."

"Bado, mwanangu. Inafungwa saa kumi. Sisi tunapita mara moja tu hapo kwenye tangi."

"Imefungwa tangu saa nne asubuhi."

"Tangazo linasema kumi!"

Askari akamwonyesha nguzo. Tangazo lilelile, herufi zilezile. Kisha akatoa simu yake akamwekea mbele ya uso, kwa adabu kabisa, kama anamwonyesha picha ya mtoto. "Hii ikiandika kumi na sifuri mbili asubuhi, sisi tunasema saa ngapi?"

Mama Ratiba alijua jibu. "Kumi ikawa nne," akasema. "Hesabu mlifundishwa na nani nyinyi?" Lakini mdomo ulikuwa unasema peke yake.

Tangi lilikuwa linaonekana. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Lilikaa kule juu, jeupe, kama kifungo kwenye bega la gauni, na barabara iliyolifikia ilikuwa tupu kabisa, imetandikwa kama kwa ajili yake. Shemeji aliangalia kioo cha nyuma: magari yameshajipanga, roli la matofali limewaziba. Mbele kamba, nyuma matofali.

Mama Ratiba akashuka, akamfuata askari akichechemea kwa goti lake bovu. "Mjukuu wangu anapita pale. Ananitegemea mimi."

"Mama, hapa kila mtu mjukuu wake anapita."

"Basi niende kwa miguu."

"Barabarani haruhusiwi mtu. Na kwa goti hilo, watakuwa wamemaliza, wameoga na wamelala."

Akafikiri kidogo. "Nina mgonjwa garini."

Askari akachungulia. Shemeji alikuwa ameshahamia nyuma kwenye godoro, kinywa wazi.

"Huyo?"

"Hali yake mbaya."

"Anakoroma, mama."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe."

Askari akacheka, watu waliosimama kwenye kamba wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka kidogo kwa mazoea. Kamba haikulegea hata uzi mmoja. Alijaribu tena kwa kupiga simu. Kumpigia nani, hata hakujua. Simu ya Kijiti alikumbuka iko nyumbani, juu ya cherehani, ameiacha ichajiwe. Akaikunja ile bendera, akaikunjua. Akawa anaangalia tangi tu, kama mtu anayeangalia sufuria la jirani.

Akahesabu moyoni: sasa wako nyuma ya mlima. Sasa wameanza kupanda. Sasa anatafuta chekundu.

"Nisogeze hata nusu ya njia," akamwambia askari, na safari hii hakukuwa na utani ndani yake. "Mwanangu, nakuomba."

Askari alivua miwani. Macho yake yalikuwa ya mtoto. "Ningekuwa na uwezo, mama, ningekubeba mgongoni. Mimi nimewekwa hapa kama hiyo nguzo."

Basi wakasimama wote wawili, nguzo na nguzo.

Wakatokea. Kwanza pikipiki, kisha gari lenye kipaza sauti, kisha wao wenyewe, wakishuka mlima. Mama Ratiba alikuwa amekaza macho amtambue kwa kaptula, maana ndani ya ile kaptula kulikuwa na mshono wake, pale alipoongeza sponji. Lakini sauti ya magurudumu ilikuwa kama ya fundi anayepasua jora zima la kitambaa kwa mkono, na jora likaisha. Makalio yote yalifanana. Kofia zote zilifanana. Alipopata pumzi ya kuita, alikuwa anaita barabara tupu.

"Nimemwona," akasema kwa nguvu.

"Yupi?" akauliza mtu pembeni.

"Yule wa katikati."

Wakapita wengine, wawili wawili, mmoja mmoja, wakitema mate, nyuso zimewageuka. Aliwafuata kwa macho kila mmoja. Kijiti hakuwemo, naye akajiambia hiyo ni dalili njema: ameshapita na wale wa mbele.

Mwisho kabisa likaja basi dogo, polepole, vioo vyeusi, na mbele pamefungwa ufagio, umesimama wima kama bendera ya serikali.

"Na hilo?" akamuuliza askari.

"Hilo ndilo la mwisho. Likishapita, nafungua."

Kufungua! Ufagio! Mama Ratiba alilitazama lile gari la wafagiaji, akatazama mpini aliokuwa ameushika, na kwa kuwa machozi yalikuwa karibu, kicheko ndicho kilichotangulia. Akauinua mpini juu, bitana ikapepea.

"Wenzangu hao!" akapiga kelele. "Fagieni vizuri, na kule kwenye tangi msiache taka!"

Watu wakavunjika mbavu. Akaupunga mpini mpaka basi likapotea, akicheka na kupangusa macho.

Walipokuwa wanarudi, Shemeji akaendesha polepole ndani ya foleni, alama za godoro zimebaki shavuni.

"Utamwambia nini?"

"Kwamba tulikuwepo."

"Shemeji."

"Mtoto kapanda mlima kwa kuniona mimi. Hata kama hakuniona, alijua niko pale. Sasa nimnyang'anye?"

"Na kama hakupanda?"

"Kapanda! Nimemwona kwa macho yangu haya."

"Umeona nini? Umeona upepo."

"Wewe uliona ndoto, kwa hiyo kaa kimya. Na akikuuliza, tulikuwa upande wa kivuli."

Jua lilikuwa bado halijazama walipofika. Kijiti ameshafika kabla yao, amekaa kwenye stuli ya cherehani, miguu ameinyoosha, vumbi limechora mistari usoni. Baiskeli imeegemezwa ukutani. Hakuinuka.

Mama Ratiba hakumpa nafasi ya kufungua kinywa. "Mume wangu! Nimekuona!"

Kijiti akamtazama. "Umeniona?"

"Pale pale kwenye tangi, upande wa kivuli. Muulize Shemeji."

Shemeji alikuwa anakagua dari.

"Nilikuwaje?" akauliza Kijiti taratibu.

"Uso umeukunja kama mtu aliyemeza ndimu na maganda yake. Lakini miguu! Miguu ilikuwa inazunguka kama cherehani mpya. Kuna mmoja akataka kukupita, nikamtupia jicho, akarudi nyuma."

"Halafu?"

"Halafu ukaniona. Ukakaza. Nikasema kimoyomoyo, huyu leo hashuki."

Kijiti alikuwa anasikiliza kichwa amekiinamisha upande mmoja, vilevile alivyokuwa akisikiliza hadithi akiwa mdogo, blanketi mpaka shingoni.

"Endelea, Bibi," akasema.

"Ukalipita tangi. Hukugeuka. Ukaingia kona, nikabaki naona mgongo tu, ukiyoyoma."

Cherehani ilikuwa kati yao. Kijiti aliweka kidole kwenye gurudumu lake, akalizungusha kidogo, likasimama.

"Nilikutafuta kwenye tangi," akasema. "Nikasema labda yuko mbele kidogo. Nikakanyaga. Nikasema labda kwenye kona. Nikakanyaga. Kona ikaisha, sikuona chekundu popote. Nikashuka. Nilikaa chini pale mpaka likaja gari la kuzoa walioshindwa, wakanipandisha. Basi dogo, vioo vyeusi. Mbele wamefunga ufagio."

Mama Ratiba alifungua mdomo. Ulikuwa mzito kama siku anazobana pini zote kati ya meno na mteja anamuuliza swali.

"Kwa ndani tulikuwa tunaona nje vizuri," akasema Kijiti. "Tulipofika njia panda nikakuona nyuma ya kamba. Nikagonga kioo. Ulikuwa unatupungia mpini, Bibi. Ulikuwa unacheka."

Bendera ilikuwa bado mkononi mwa Mama Ratiba, nyekundu, kingo zake zimepindwa mara mbili. Hakujua aiweke wapi.

"Mimi," akasema Shemeji kutoka mlangoni, "nilikuwa nimelala."